Pink Floyd – The Wall (1982): muvi imeniacha na ganzi, waliowahi kuiona tuongee humu

Fundi_Redio (mtoa uzi)

Wakuu heshima kwenu.

Kuna muvi inakuliza, ukishalia umepona, kesho unaendelea na mishe zako. Hii haikulizi. Mimi haijanitoa chozi hata moja na ndo maana inanisumbua, majina yanapita kwenye skrini we umekaa tu huna hamu ya kumpigia mtu simu, huna hamu ya kula, unasikia ganzi. Na nimekuja kuona hiyo ganzi ndo muvi yenyewe, ndicho walichotaka ukisikie. Naomba tuongelee hilo jamani, gita la Gilmour wa Pink Floyd tunalijua na nyuzi zake ziko kibao.

Kwa wasioijua, ni muvi ya Waingereza ya 1982, dairekta ni Alan Parker, aliyeandika ni Roger Waters mpiga besi na mtunzi wa bendi ya rock ya Pink Floyd, na ile michoro inayotembea ni ya Gerald Scarfe, mchora vibonzo wa magazetini. Imetoka kwenye albamu ya jina hilohilo, ile ya mwishoni mwa Novemba 1979. Dakika 95 na maongezi karibu hakuna, nyimbo ndo zinasimulia. Pink ni staa wa rock, yuko peke yake kwenye chumba cha hoteli Los Angeles, kakaa kwenye kiti mbele ya TV, sigara imeungua yenyewe mpaka majivu yamekuwa marefu vidoleni na wala hayakung'uti. Hapo kichwa ndo kinaanza kusafiri, vita, utoto, shule, bimkubwa wake, mke, halafu ukichaa. Vitu vinaingiliana hovyo, ukikaa kusubiri stori inyooke utachoka mapema.

Sasa wengi wetu tumeijua kwa ule wimbo wa wanafunzi, Another Brick in the Wall sehemu ya pili. Sawa, ile sini ni kali, watoto wamevalishwa vinyago sura zote zinafanana, wanatembea mstari mmoja mpaka wanadondokea kwenye mashine ya kusagia nyama. Lakini mimi iliyoniua ni sehemu ya kwanza ya wimbo huohuo, ambayo sijawahi kusikia mtu anaipiga kwenye shughuli yoyote.

Iko hivi. Dogo Pink anaachwa kwenye uwanja wa michezo ya watoto. Watoto wengine wapo na baba zao. Yeye anamsogelea mzee mmoja aliyekuja na mwanae, anaomba ampandishe kwenye lile duara la kuzunguka, mzee anampandisha fresh tu hana shida. Dogo anazunguka pale, uso umebadilika kabisa, kwa dakika moja na yeye ana mtu. Muda wa kuondoka unafika, yule mzee anatembea na mwanae, dogo anafuata nyuma, anaunyanyua mkono anamshika mzee mkono. Mzee anautoa. Dogo anamshika tena, anafukuzwa. Na yule mzee sio mtu mbaya wakuu, hapo ndo panauma, ni baba wa mtu mwingine basi. Dogo anarudi kwenye bembea, huku na huku watoto wanasukumwa na baba zao, yeye anahangaika kujisukuma mwenyewe. Hakuna damu, hakuna kelele, hakuna zimwi lolote la Scarfe, na ndo sehemu ya kutisha kuliko zote mle ndani.

Na sio stori ya kutunga. Waters kazaliwa Septemba 1943, mshua wake Eric Fletcher Waters kauawa Anzio kule Italia tarehe 18 Februari 1944, mtoto ana miezi mitano. Yule mzee alikuwa mwalimu wa shule, tena mwanzoni aligoma kubeba bunduki kwa ajili ya imani yake, akawa anaendesha gari la wagonjwa London inapopigwa mabomu, baadaye akabadili msimamo mwenyewe akaingia jeshini. Na baba yake huyo mzee naye kafia vita ya kwanza, 1916 huko Ufaransa. Vizazi viwili mfululizo mtoto wa kiume anakua anaangalia picha.

Halafu kuna ile ya droo. Dogo anafungua droo chumbani kwa mama anakuta karatasi ya rambirambi kutoka kwa Mfalme, wembe wa mshua, risasi, sare. Anavaa ile sare mbele ya kioo, inampwaya, na kamera inabadilisha, mara unamuona yeye mara unamuona marehemu. Wimbo unaopiga hapo, When the Tigers Broke Free, kwenye albamu haupo, uliwekwa kwa ajili ya muvi. Mimi naona bila huo wimbo na bila ile bembea muvi yote ingebaki kuwa malalamiko ya tajiri aliyelewa.

Kuanzia hapo kila kinachomuuma ni tofali. Mshua kafa, tofali. Bimkubwa anamng'ang'ania kwa hofu, tofali. Mwalimu anamnyang'anya mashairi yake anayasoma kwa sauti darasa zima limcheke halafu anamchapa rula kiganjani, tofali. Anapiga simu Uingereza anataka kuongea na mkewe, inapokelewa na sauti ya mwanaume, tofali. Ukuta ukishakamilika haumii tena, na hapo ndo balaa linaanza kwa sababu mtu asiyesikia maumivu yake hasikii na ya mwenzake. Meneja wake na watu wake wanavunja mlango wanamkuta kalegea, daktari anamchoma sindano ili apande jukwaani maana tiketi zimeshauzwa (Waters alichomwa sindano ya aina hiyo Philadelphia 1977, akapiga shoo hajielewi, wimbo wa Comfortably Numb umetokea hapo). Wanamburuza mpaka kwenye gari, humo ndani ya gari mwili unaanza kuvimba na kuyeyuka, anajibandua ile ngozi kwa mikono yake, na anayetoka mle ni kiongozi wa kifashisti mwenye gwanda na nembo ya nyundo mbili, anasimama mbele ya umati anaanza kuwachambua watu kwa rangi na kwa dini.

Yule dogo wa kwenye bembea ndo huyu. Hiki ndo kitu sijaweza kukimeza tangu nimeiona.

Karibuni.

Gita_Kavu

Mkuu umeandika vizuri sana, ila umeruka ile ya kunyoa aisee.

Baada ya kuvunja chumba kizima, anakaa sakafuni anapanga vile vipande, vipande vya gita, vidonge, makopo, vichungi vya sigara, anapanga mistari mizuri kabisa kwa utulivu, unaona mtu anajaribu kurudisha mpangilio duniani kwa kutumia takataka. Halafu anaingia bafuni ananyoa kifua, ananyoa mpaka nyusi. Mi ile ya vipande ndo inanimaliza kuliko ile ya kuvunja, kuvunja ni hasira, mtu mwenye hasira bado yupo. Yule anayepanga ameshaondoka.

Na nyusi zina historia. Syd Barrett, aliyeanzisha nao bendi na kuwa mtunzi wao mkuu, akili ilianza kumuacha akatoka kwenye bendi 1968. Mwaka 1975 wako studio za Abbey Road wanarekodi, akaingia jamaa mnene, kipara, hana nyusi, kasimama tu, ikawachukua muda kujua ni Syd. Ni rafiki yao wa ujanani. Ukiijua hiyo halafu ukaangalia Bob Geldof, aliyeigiza Pink, anavyojinyoa pale, unajua kuna watu wawili kwenye kile kioo, Waters na Syd.

Geldof mwenyewe hakuwa mwigizaji, alikuwa muimbaji wa Boomtown Rats na muziki wa Pink Floyd alikuwa haupendi. Pale hotelini alijikata mkono kweli na wakaendelea kupiga picha. Ndo huyohuyo miaka mitatu baadaye kaandaa tamasha la Live Aid, Julai 1985, kwa ajili ya njaa ya Ethiopia.

Fundi_Redio

Gita_Kavu hapo kwenye vipande umenifungua macho. Na kumbe Waters alitaka aigize yeye mwenyewe, wakamjaribu kwenye kamera ikaonekana haifai. Naona ilikuwa heri, angekuwa anajihurumia. Geldof anaangalia tu, macho yako wazi na hakuna kinachoingia.

mama_Tunu

Habari zenu kaka zangu. Mimi niliiangalia na mume wangu, yeye ndo mpenzi wa hao Pink Floyd, mimi nilikaa kwa sababu yake na nimeijua mpaka mwisho.

Ile ya mtoto na bembea nakubali kabisa, nilimshika mwanangu usiku ule nikalala naye. Lakini naomba niseme jambo ambalo wanaume mnaopenda hii filamu hamlisemi. Wanawake mle ndani wote ni madudu. Mke anachorwa mdudu wa kumeza mtu, yale maua mawili yanaanza kama yanapendana halafu moja linamla mwenzie, mama naye kwenye ile kesi ya Pink mwishoni anageuka ukuta wa kumbana mtoto wake. Sasa jiulizeni, huyo mama ni nani? Ni mjane kijana, vita imemchukulia mume, ana mtoto mchanga, nchi imemtumia karatasi. Anamlaza mtoto kitandani kwake kwa sababu anaogopa na huyu naye asiondoke. Mimi nilimuelewa kuliko nilivyomuelewa Pink. Kuna pale mtoto anaokota panya mgonjwa anamleta nyumbani mama anamfukuza naye, mtoto anaenda kumficha panya kwenye kibanda anamfunika na sweta yake, akirudi panya amekufa. Wote tunamuonea huruma mtoto, haki yake. Lakini ni mama gani asiyemfukuza panya mgonjwa kwenye nyumba yenye mtoto?

Na huyo mke, mumewe anakaa anaangalia mpira kwenye TV, mwenzie amesimama anamsemesha, hageuzi hata shingo. Ningekuwa mimi ningeondoka kabla yake.

Filamu imenigusa sana, sikatai. Ila naidai.

Fundi_Redio

Dada mama_Tunu hili ni zito na ni kweli. Naongeza kitu kimoja tu, kila tunachokiona mle kinatoka ndani ya kichwa cha Pink, na Pink yuko nyuma ya ukuta, watu wote kwake wameshakuwa majitu. Mwalimu naye ni hivyo, ila yeye muvi inatupeleka mpaka kwake nyumbani tunamuona anavyolazimishwa na mkewe ameze kipande kigumu cha nyama, tunajua kwa nini kesho ana kiboko. Mama hakupewa dakika kama hiyo. Angepewa hata moja, ya usiku yuko peke yake na ile karatasi ya Mfalme, muvi ingekuwa kubwa zaidi.

Kijukuu_wa_Mvita

Assalaam aleikum. Mimi nimesoma tarehe hiyo ya Anzio nikasimama kidogo.

Siku sita kabla ya hapo, tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka hapa Mombasa ikielekea Colombo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wa kwetu huku, pamoja na wauguzi waliokuwa wakisafiri nao. Majina ya hao askari yameandikwa pale makaburi ya vita ya Nairobi, upande wa Ngong Road, kwa kuwa hakukuwa na mwili wa kuzika.

Nyanya yangu alikuwa na kaka yake kwenye jeshi la wakati huo, alikwenda hakurudi, na nyumbani hakukuja karatasi ya Mfalme wala ya karani. Watoto wake walikua wakiambiwa babenu yuko safarini. Mmoja wao namjua, amezeeka sasa, mzee mkali ambaye hajapata kumkumbatia mwanawe hata mmoja, na sisi tulikuwa tukisema huyu ana moyo wa jiwe. Ile filamu niliitazama nikiwa mtu mzima, ilipofika pale stesheni ya treni askari wanarudi, watu wanakumbatiana, na yule mtoto anapita katikati yao anatafuta, nilimuona mjomba wangu wazi wazi.

Kwa hivyo wanaosema ni mambo ya Wazungu, mimi siwezi kusema nao kitu.

Chuma_Chakavu

Uzi mzuri lkn mi nawaambieni ukweli, hii ni muvi ya watu waliovuta bange wakachora chora. Nimeiangalia nusu nikazima. Njiwa anapasuka anatoka tai, bendera inageuka msalaba unavuja damu, jaji anaongea kwa kutumia makalio. Sasa mtu mzima nijifunze nini hapo? Tajiri ana hela ana mademu analia baba hayupo, sisi huku tumelelewa na mama peke yake na hatujajenga ukuta wowote tunapambana na maisha.

Fundi_Redio

Karibu Chuma_Chakavu, umesema kwa uwazi nami nakujibu kwa uwazi.

Yule njiwa anayepasuka akatoka tai ni mwanzo wa wimbo wa Goodbye Blue Sky, London inapigwa mabomu. Tai wa Kijerumani anapita anararua ardhi, na chini kuna viumbe uchi vyenye vichwa vya kinyago cha gesi vinakimbilia mashimoni. Watoto wa enzi zile waligawiwa vinyago hivyo kweli, vya kujikinga na gesi. Mtoto wa miaka mitatu akikumbuka watu wote wana sura ya mpira na macho ya vioo, ukimwambia achore, atakuchorea hivyohivyo. Bendera ya Uingereza kuvunjika ukabaki msalaba unaovuja damu mpaka kwenye mfereji, mimi sijaona namna nyingine fupi ya kusema nchi imeshinda na mshua wangu hayupo. Sio bange mkuu, ni kumbukumbu ya mtoto aliyepewa wino na mtu mzima.

Na hilo la kulelewa na mama bila kujenga ukuta, sikubishii, maisha yako unayajua wewe. Ila nakuomba siku moja uiangalie ile nusu iliyobaki.

Rokka_wa_Langata

Wasee niaje, salamu kutoka Nairobi. Huku tuko na scene ya rock ndogo lakini watu wake wana mapenzi sana, na hii film tunaijua vizuri.

Mi nataka kuongeza vile wazo lenyewe lilianza. July 1977 Montreal, uwanja wa Olimpiki, shoo ya mwisho ya tour ya Pink Floyd ya mwaka huo. Watu ni wengi, kelele, fataki zinarushwa, hakuna mtu anasikiza. Kuna fan mmoja mbele alikuwa anapiga nduru na kujaribu kupanda, Waters akamtemea mate usoni. Baadaye akajishtukia vibaya sana, akajiuliza nimekuwa mtu wa aina gani, akafikiria ingekuwa poa wakiweka ukuta kati yao na hawa watu. Hapo ndipo the whole thing ilizaliwa. Kwa hivyo ile part ya dikteta jukwaani si mambo ya kufikirika tu, alikuwa anajiogopa mwenyewe.

Na kuna kitu inanitisha mpaka leo. Zile sini za rally na fujo walitumia skinhead wa ukweli kama extras. Walipewa sare, wakapewa zile nyundo, na zile saluti walizipiga kwa roho moja. Ukiangalia nyuso zao hizo si za kuigiza buda.

Halafu kinyume chake, ile ngoma ya shule, 1980 South Africa wanafunzi weusi waligoma juu ya elimu ya ubaguzi wakawa wanaiimba, serikali ya makaburu ikaipiga marufuku. Ngoma moja na sauti za watoto wa Islington, London, imevuka hadi huko ikawa silaha yao.

Gita_Kavu

Rokka umenikumbusha, kwenye muvi baada ya wale wanafunzi kuchoma shule na kuvunja madawati, inakatwa ghafla, dogo yuko palepale darasani anajisugua kiganja alichochapwa. Ilikuwa ndoto. Pale South Africa haikuwa ndoto.

dogo_wa_chuo

Wakuu nimesoma uzi wote sijaiona hii muvi. Naweza kuangalia? Nauliza seriously maana semista hii nimekuwa sipo vizuri, silali, na sitaki kuongea na watu hata room mate. Na je nianze na albamu au muvi?

mama_Tunu

Mwanangu, kwanza hicho ulichosema mwisho ni kikubwa kuliko filamu. Kule kuandika tu humu ni vizuri. Nenda ukaonane na mshauri wa wanafunzi hapo chuoni kwenu, na uongee na mtu mmoja nyumbani, hata kama ni shangazi, hata kama ni kwa ujumbe tu. Filamu itakungoja, ina miaka zaidi ya arobaini haijaenda popote.

Fundi_Redio

Naunga mkono mama_Tunu kwa mikono miwili. Dogo hii usiiangalie sasa hivi na usiiangalie peke yako usiku. Kuna wembe mle, kuna vidonge, kuna mtu anaelea kwenye maji ya bwawa yakageuka damu, na muvi haikupi sehemu ya kupumua. Waters mwenyewe alilalamika baadaye kwamba inakupiga bila kupumzika na haina ucheshi, na mimi namuelewa.

Ukishakaa sawa, anza na albamu. Uisikilize mpaka Hey You iingie kichwani, kwa sababu kwenye muvi waliutoa, na huo ndo wimbo pekee ambao mtu wa nyuma ya ukuta anagonga anaomba asaidiwe. Kuutoa kumeifanya muvi iwe giza kuliko albamu. Halafu tafuta mtu wa kuangalia naye, na mkimaliza msizime mkaenda kulala, kaeni muongee. Nimekutumia ujumbe pembeni, nijibu hata kwa neno moja.

dogo_wa_chuo

Asante mama, asante mkuu. Nimeuona ujumbe, najibu sasa hivi.

Kijukuu_wa_Mvita

Tuko pamoja kijana. Na mtoa uzi, nimetafuta habari za huyo Waters, mwaka 2014, tarehe hiyohiyo 18 Februari, alikwenda Italia kuzindua jiwe la kumbukumbu karibu na alipofia baba yake. Alikuwa na miaka 70. Nimempelekea mjomba picha ya ukuta wenye majina pale Nairobi, tutakwenda naye akiwa na nguvu.